Baba Rugaju

Naanza na kitendawili, kwa sababu hadithi isiyo na kitendawili ni kama ndizi zilizopikwa bila maharage: utashiba, lakini kesho hutazisimulia. Kuna mgeni haalikwi. Akija anakaa katikati ya mume na mke, wanakula naye sahani moja, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba amemwona. Ni nani? Mkishindwa nipeni mji. Mmenipa Kayanga? Haya, nimekwenda Kayanga, nimekunywa chai, nimerudi. Mgeni huyo ni aibu, na hapa kwetu Rugera alipata makao mazuri sana kwa Kahigi na mkewe Deodatha.

Hawa wawili hawakujaliwa mtoto. Kwetu ukizaa, jina lako linafunikwa na la mtoto. Utaitwa Baba Fulani au Mama Fulani hadi watu wasahau ulibatizwa nani. Wao walibaki Ta Kahigi na Ma Deodatha. Ni majina ya heshima, ndiyo, lakini mtu wa makamo akiitwa hivyo kila siku anajua anakumbushwa kitu.

Kisha kikundi chetu cha wafugaji kikachanga, kikanunua dume la mbegu. Alikuwa chotara mrefu wa rangi ya udongo mwekundu, shingo nene kama mgomba wa ndizi za pombe, na kwa rangi yake tukamwita Rugaju. Ikabidi kutafuta nyumba ya kumtunza. Mwenyekiti wetu, Yustus, akasimama akasema, "Apewe Ta Kahigi. Ua wake ni imara, majani anayo, na hana watoto wa kumvuta dume mkia."

Watu wakacheka. Kahigi naye akacheka, akiangalia vidole vya miguu yake.

Lakini yule dume alimfaa. Kila mwenye ng'ombe wa kupandishwa ilimbidi apite kwenye ua wa Kahigi, abishe hodi, amwamkie, na abebe mzigo wa majani na chumvi kidogo. Ng'ombe wakashika mimba, wakazaa ndama wenye mwili. Tulikuwa tumekubaliana kwamba ng'ombe akizaa, mwenye ng'ombe atampelekea mtunza dume kibuyu cha maziwa cha kushukuru. Basi jikoni kwa Deodatha vibuyu vikawa vinaning'inia ukutani kama njiwa waliolala, kila kimoja kikisubiri kurudishwa kwa mwenyewe. Ndipo siku moja sokoni Omurushaka mtu akaita, "Baba Rugaju, habari za nyumbani?" Kahigi akageuka haraka kuliko alivyogeuka maisha yake yote. Jina likashika. Hata mchungaji alilitumia kanisani wakati wa matangazo.

Masika ya mwaka juzi Rugaju aliumwa. Kahigi alimkuta asubuhi amesimama na miguu ya nyuma imetanuka, mwili unawaka, mfuko wake wa nyuma umevimba kama boga. Ilikuwa ni kumwita bwana mifugo tu, simu anayo. Hakumwita. Alichemsha majani aliyoyajua, akamkanda, akawaambia waliokuja na ng'ombe kwamba dume amepumzishwa. Uvimbe ukapungua. Upande mmoja ulisinyaa ukabaki kama parachichi lililodondoka kabla ya wakati, lakini Rugaju akala, akanguruma, akawa anawapanda ng'ombe kama zamani. Wenye ng'ombe walimwona akipanda, wakaridhika, wakaenda zao.

Ng'ombe hawakushika.

Mtauliza, je, kijiji kizima hakikuona? Kingeonaje? Ng'ombe wako asiposhika mimba, hupigi ngoma. Unampeleka mara ya pili, ukiona amerudia kulialia akitaka dume unasema moyoni kwamba umepata tasa, unamuuza kimyakimya na unawaambia watu ulikuwa na shida. Agnetha, mke wa Yustus, alimuuza ng'ombe wake Bihogo hivyo. Elick wa kule mtoni alimuuza wake. Kila mmoja aliificha aibu yake kwenye kibanja chake, na wote walikuwa na aibu moja. Aliyewanunua alikuwa mchinjaji wetu, Telesfori, mtu mnene mcheshi anayetembea kwenye matope na njumu za mpira wa miguu, zile zenye meno chini, akisema hakuna kiatu kinachoshika njia ya Rugera kama hicho.

Kahigi alijua. Kila alipopita mbele ya bucha ya Telesfori alitazama upande wa pili.

Sasa tuje kwa Joviana. Huyu ni jirani yao, mjane, analea wajukuu wawili walioachiwa na binti yake. Ng'ombe wake ni mmoja tu, Kyasha, mwenye baka jeupe usoni, aliachiwa na marehemu mumewe. Ng'ombe yule kwake si mapambo. Maziwa ni ya wajukuu na samadi ni ya migomba, na kibanja kisicho na samadi mnakijua, ndizi zinakuwa vidole vya mgonjwa. Maziwa yalikuwa yamekwisha kabisa. Joviana alimpeleka Kyasha kwa Rugaju, akamrudisha, akampeleka tena. Mara ya mwisho alipofika uani kwa Kahigi alikuwa amevaa vipini vyake vya masikioni vya Jumapili.

"Umependeza, Ma Joviana," Kahigi akamwambia. "Harusi ya nani?"

"Ya Kyasha. Labda Rugaju ananiona mimi mkwe fukara ndiyo maana hatoi kitu. Leo nimekuja na mapambo."

Wakacheka wote wawili. Rugaju akapanda, akashuka, akarudi kutafuna. Joviana akampiga piga dume mgongoni, akasema asante baba. Kahigi alitamani ardhi impokee pale pale, akamfungulia mlango wa ua.

Mwezi ulipozunguka Kyasha alilia tena. Joviana akamwita Telesfori, wakapatana, na Telesfori akasema atamfuata Jumamosi.

Habari hiyo Deodatha aliipata kisimani. Alirudi nyumbani, akatua ndoo, akaingia jikoni kuvukiza kibuyu chake kwa moshi wa majani kama desturi, ingawa kibuyu chenyewe kilikuwa hakijatiwa maziwa muda mrefu. Kahigi alikuwa anamenya maharage mabichi.

"Joviana anamuuza Kyasha," Deodatha akasema.

"Nimesikia."

"Kwa Telesfori."

"Nimesikia, mama."

Deodatha akageuza kibuyu juu ya moshi. "Unaona ukuta wangu? Vibuyu vya watu vimerudi makwao vyote. Hakuna kilicholetwa kipya. Nilidhani watu wamekuwa wachoyo. Nikasema aa, Agnetha hawezi kuwa mchoyo wa maziwa. Ndipo nikakumbuka Rugaju alipovimba."

Kahigi akaendelea kumenya. Maganda akayatia kwenye bakuli la maharage na maharage akayatupa kwenye maganda.

"Ng'ombe anaweza kuwa tasa," akasema. "Wapo."

"Wapo. Wote kwa pamoja?"

"Labda malisho."

"Labda," Deodatha akasema. Alizungumza polepole, na ile polepole yake Kahigi aliiogopa kuliko kelele. "Ng'ombe hana mdomo, Mzee. Akiambiwa ni tasa, ni tasa. Anafungwa kamba, anakwenda. Mimi nilikuwa na mdomo na bado niliufunga."

Akatoka na kibuyu chake. Mgeni yule niliyewatajia alibaki na Kahigi jikoni.

Maana kulikuwa na jambo. Walipokuwa bado vijana, Deodatha alikwenda hospitali peke yake kupimwa. Akapimwa, akaambiwa hana tatizo, mlete na mumeo naye apimwe. Alirudi akamwambia Kahigi. Kahigi akasema atakwenda baada ya kuvuna kahawa. Kahawa ikavunwa, na ikavunwa tena. Mama yake alipouliza, Kahigi akajibu, "Tumwachie Mungu," akainamisha kichwa kwa huruma, na kila aliyesikia akaelewa kwamba ni mke. Hakudanganya neno hata moja. Aliinamisha kichwa tu. Deodatha akanyweshwa mizizi michungu na wifi zake, akafanyiwa maombi mbele ya watu, akapewa majina. Hakuwahi kumjibu mtu.

Ijumaa Kahigi alikwenda kwa Joviana. Alioga, akavaa shati safi. Njiani alijifunza maneno: Ma Joviana, kosa si la Kyasha, kosa ni la dume, na mimi nilijua. Ni maneno machache, hata mtoto wa chekechea angeyabeba.

Joviana akamkaribisha kwenye mkeka, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kijikapu, kama anavyostahili mgeni. Wajukuu wakaja kushikwa kichwa, "Shikamoo babu," wakakimbia. Kahigi akaitia punje ya kahawa mdomoni.

"Nasikia unamuuza," akasema.

"Nifanyeje, Ta? Analishwa, anakunywa, analala. Hata mimi ningependa kazi hiyo."

"Usimuuze. Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Kahigi akatafuna. Neno lilikuja hadi kwenye meno, likakutana na ile kahawa, likarudi. "Mvua," akasema. "Mvua zikikolea, majani yanakuwa na nguvu."

Joviana akacheka mpaka akajifuta macho. "Baba Rugaju, nawe. Majani yanatia mimba siku hizi? Ningelijua hilo nisingeolewa." Kisha akashusha sauti kwa wema. "Kumfuga tasa ni kazi ya mtu mwenye moyo kama wako. Wewe umekaa na Ma Deodatha miaka yote hii hukumfukuza, na watu wanakusifu kwa hilo. Mimi sina moyo huo. Nina midomo miwili ya kulisha." Akaona amekwenda mbali, akamgusa mkono. "Samahani, Ta. Ulimi hauna mfupa."

Hapo ndipo mtu alipaswa kusema. Kahigi alisema asante kwa kahawa, akasimama, akagonga kichwa kwenye mwimo wa mlango, akaenda. Watu wanakusifu. Maneno hayo yalitembea naye njia nzima kama mbwa asiye na mwenyewe. Alipofika nyumbani Deodatha alimtazama uso, hakumuuliza. Akampakulia chakula, nyama ya mbuzi kidogo na ndizi, na sehemu yenye mfupa mzuri akampa yeye kama siku zote.

Jumamosi Telesfori alifika mapema na njumu zake zikiwa zimebeba udongo. Watu kadhaa walikuwa wamekuja uani kwa Joviana kusaidia kumtoa Kyasha, maana ng'ombe akijua anaondoka huwa mzito. Yustus alikuwepo, na Elick, na wanawake wa jumuiya. Wajukuu walikuwa wamefungiwa ndani wasione. Kamba ilikuwa tayari shingoni. Kyasha aliweka kwato mbele akakataa, na Telesfori alikuwa anamwambia kwa utani, "Njoo mama, huko kwangu hakuna anayekuuliza umezaa wangapi."

Kahigi akaingia uani. Hakubisha hodi.

"Mfungueni," akasema.

"Habari za asubuhi kwanza, Baba Rugaju," Telesfori akamjibu. "Au umekuja kuongeza bei?"

"Huyu si tasa. Hata Bihogo hakuwa tasa, wala ng'ombe wa Elick. Rugaju ameharibika. Aliugua masika ya mwaka juzi, nikamficha. Anapanda lakini hatoi kitu. Nilijua."

Kuku wakasikika wakiparura majani. Yustus alikunja uso kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha ya mbali.

"Ulijua," akarudia. "Mke wangu alilia kwa ajili ya Bihogo. Tulikula nyama yake sikukuu, Kahigi. Wewe ulikuja. Ulikula nasi."

"Nilikula."

"Na ulisifu mchuzi."

Elick akatema mate pembeni. Telesfori, ambaye hawezi kuiacha nafasi ya kicheko ikapita bure, akajishika kiuno. "Kumbe Rugaju kaambukizwa na mwenye nyumba. Mchungulieni na jogoo wake, huenda naye anapiga kelele za bure."

Watu wakaangua kicheko. Mnajua kicheko kile cha watu wenye hasira, hakina utamu. Joviana peke yake hakucheka. Wakati huo huo Deodatha alikuwa amefika kwenye njia ya ua, mzigo wa majani kichwani, maana alikuwa amekuja kumpa Kyasha chakula cha mwisho. Kahigi akamwona. Wengine wakageuka, wakamwona nao, na kicheko kikaishia njiani. Mwanamke mmoja akanong'ona, lakini si kwa sauti ndogo kama alivyofikiri, "Maskini, na yeye ana lake."

Kahigi alilisikia hilo. Shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

"Hana lake," akasema. "Ma Deodatha hana lake. Alikwenda kupimwa tukiwa vijana, wakamwambia hana kosa. Mimi niliitwa, sikwenda. Hadi leo sijakwenda. Labda ni mimi, labda siyo, sijui, kwa sababu niliogopa kujua. Mlipomwita tasa nilikuwa nimekaa hapo hapo. Nilinyamaza." Akamalizia kwa kunong'ona, "Kama nilivyonyamaza kwa ng'ombe."

Telesfori alianza kuondoa udongo kwenye njumu zake kwa kijiti, kazi aliyoifanya kwa uangalifu mkubwa. Joviana alimtazama Deodatha, akakumbuka aliyoyasema jana kwenye mkeka, uso ukamwiva. Akaenda kwa Kyasha kufungua kamba, fundo likakataa.

Deodatha akatua mzigo. Akapita mbele ya mumewe bila kumtazama, akamsaidia Joviana fundo hadi likaachia. Kisha akamwekea Kyasha majani mbele ya pua.

"Kuna dume Kimuli kwa shemeji yangu Desderius," akamwambia Joviana. "Ni mbali, lakini ng'ombe anatembea. Akilia tena tutampeleka mimi na wewe."

"Ma Deodatha," Joviana akaanza, "mimi jana nilisema..."

"Sijauliza ulisema nini."

Kahigi alirudi nyumbani peke yake, na kwa mara ya kwanza njia ile ilikuwa na watu wengi. Habari huku kwetu haipandi bodaboda lakini inafika kabla yake. Mbele ya duka vijana walimwamkia "Shikamoo Ta Kahigi." Hakuna aliyesema Baba Rugaju. Alipofika alikaa kwenye kigoda uani akimtazama yule dume akitafuna, mnyonge asiye na habari. Kikundi kingekuja kumchukua, hilo alilijua, na Telesfori asingekosa nyama Jumamosi hiyo.

Deodatha alirudi jua likiwa juu. Alinawa mikono. Kahigi akasimama.

"Nimesema yote," akasema.

"Nimesikia. Na Elick amesikia, na Telesfori amesikia." Alikausha mikono kwenye kitenge chake. "Ungeniambia mimi kwanza, Mzee. Mimi na wewe jikoni. Nilikusubiri. Nilikusubiri nikiwa na meno yote, na sasa mengine yametoka. Umekwenda kunitakasa mbele ya mchinjaji."

"Nisamehe."

"Leo umeona aibu asubuhi moja, na shati limelowa." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepima unga. "Kaa nayo kidogo. Usinikimbilie haraka nikuondolee."

Akaingia jikoni. Kahigi alisikia kuni zikivunjwa, sufuria ikiwekwa juu ya mafiga, maji yakimiminwa. Alikuwa bado amesimama pale pale aliposikia hodi kwenye ua. Ilikuwa sauti ya Agnetha, mke wa Yustus, na nyuma yake sauti nyingine za wanawake, na ya mwanamume mmoja pia.

"Hodi hapa. Ma Deodatha upo? Tumekuja kuuliza habari za ng'ombe wetu."

Siku zote watu walipokuja na neno zito, Deodatha ndiye aliyetoka. Ndiye aliyejua kulainisha, kuweka mkeka, kuleta kahawa, kusema Mzee amechoka, nitamfikishia. Kahigi aligeuka kutazama mlango wa jikoni. Moshi ulikuwa unatoka. Deodatha alikuwa ameketi ndani, anaonekana vizuri kabisa, anamenya ndizi.

"Nipo," akajibu kwa sauti ya kawaida, bila kuinua macho. "Lakini mwenye neno yuko hapo uani. Muulizeni yeye."

Kahigi akajifuta viganja kwenye suruali. Akaenda mwenyewe kufungua mlango wa ua.